Shimesikio haifai kufungiwa kabatini

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa wilaya waliokutana kujadili malezi na elimu ya watoto wenye usikivu hafifu.)



Nilipoombwa kuja kuzungumza nanyi juu ya vifaa vya kusaidia kusikia, mara ya kwanza nilikataa. Mimi si daktari wala si mtaalamu wa usikivu; kazi yangu ni kuandika gazetini. Lakini aliyenialika alinikumbusha mambo mawili. La kwanza ni kwamba baba yangu mzazi, mwalimu mstaafu, anavaa kifaa hicho mwaka wa sita sasa, na mimi ndiye fundi wake wa nyumbani. La pili lina aibu kidogo, nami nitaanza nalo ili lisinikae rohoni.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kuandika habari za kukabidhiwa kwa vifaa hivyo katika shule moja yenye kitengo cha watoto viziwi. Sitaitaja shule hiyo, kwa maana yaliyotokea pale yangeweza kutokea popote. Palikuwa na turubai, ngoma na hotuba ndefu. Watoto wakavishwa, tukapiga picha, habari ikatoka. Miezi minane baadaye nikapita tena shuleni hapo kwa shughuli nyingine, nikaulizia hali ya watoto wale. Mwalimu Mkuu alinichukua hadi ofisini mwake, akafungua kabati la chuma, akanionyesha visanduku vyote vimepangwa safi, kila kimoja kina jina la mtoto. "Hakijapotea hata kimoja," aliniambia, kwa fahari ya mtu aliyetunza mali ya umma. Betri zilizokuja pamoja na vifaa zilikuwa zimekwisha katika wiki ya tatu. Hakuna aliyejua nyingine zinanunuliwa wapi, wala zingelipiwa kwa kifungu gani cha matumizi. Basi vifaa vikaingizwa kwenye leja, vikafungiwa, na watoto wakarudi kwenye ukimya wao.

Simlaumu mwalimu yule peke yake. Mimi nami nilikuwepo siku ile na kalamu yangu. Nilihesabu vifaa, nikaandika majina ya wageni wa heshima, wala sikuuliza swali moja ambalo mama yeyote anayenunua redio huliuliza dukani: inatumia betri za namna gani, na hudumu kwa muda gani?

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2021 lilieleza kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba wapatao milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Taarifa hiyo hiyo ilikadiria kuwa katika kila watu 100 ambao wangefaidika na kifaa, ni 17 tu wanaokitumia. Wengi wa hao wasiokitumia hawajakipata kamwe, na hilo ni jambo kubwa linalotaka mjadala wake peke yake. Lakini wapo pia wanacho. Kimo kwenye mtoto wa meza, kimefungwa ndani ya leso, au kimo kabatini kama nilivyosimulia. Leo nataka kuzungumzia hao.

Hatuna budi kwanza kujua kifaa hiki ni kitu gani. Walimu wa elimu maalumu hukiita shimesikio, nami nitalitumia jina hilo. Ndani yake mna maikrofoni inayookota sauti, kikuza sauti kinachoipa nguvu, na spika ndogo inayoipeleka sikioni. Zile zinazotengenezwa siku hizi zina kompyuta ndogo ndani yake, na mtaalamu huzipanga kulingana na mchoro wa usikivu wa mtu mmoja tu, yaani odiogramu yake. Kwa sababu hiyo shimesikio haiazimwi. Iliyopangwa kwa mzee ambaye haisikii hata ngoma ya jirani inaweza kuliumiza sikio la kijana aliyebakiwa na usikivu mwingi. Vile vile msishawishike na vile vikuza sauti vya bei rahisi visivyohitaji kupimwa. Huzikuza sauti zote kwa pamoja, ikiwemo kelele, na baadhi yake hupiga kwa nguvu kupita kiasi.

Shimesikio haimponyi mtu. Miwani huweza kumrudishia mtu macho karibu yote. Shimesikio haifanyi hivyo. Sikio la mtu mzima linapochoka, mara nyingi huanza kupoteza sauti nyembamba. Irabu zetu, a na o na u, ni nene na zina nguvu, hivyo mzee huzisikia. Zinazompotea ni s, sh, f, th, t na k. Mwambie "amefika", yeye atasikia "ameshika", kisha atauliza ameshika nini, na nyumba nzima itacheka. Baba yangu alikaa miaka miwili akidai kwamba wajukuu wake wananong'ona makusudi. Hakuwa kiziwi kwa maana tuliyoizoea. Alikuwa akisikia kwamba mtu anasema, ila hakujua anasema nini. Tukawa tunampigia kelele. Kelele huongeza irabu, ambazo hakuwa na shida nazo, na konsonanti hubaki pale pale. Ikafika mahali akaacha kwenda barazani jioni kuzungumza na wenzake, mtu aliyesimama mbele ya darasa kwa miaka 34. Kilichonitisha ni huko kuacha baraza. Hapo ndipo nilipompeleka kupimwa.

Sasa nije kwenye utunzaji. Jambo la kwanza ni betri.

Shimesikio nyingi hutumia betri ndogo za mviringo za zinki na hewa. Zipo za saizi nne, nazo hutambulikana kwa rangi ya karatasi yake: namba 10 ni ya njano, namba 312 ya kahawia, namba 13 ya rangi ya chungwa, na namba 675, iliyo kubwa kuliko zote, ni ya buluu. Mwenye shimesikio aijue rangi yake kama ajuavyo namba ya kiatu chake. Betri hizi hufanya kazi kwa kuvuta hewa. Karatasi ile iliyobandikwa juu imeziba vitundu; ukiibandua, hewa huingia na betri huanza kuishi. Basi ukishaibandua, subiri dakika chache kabla ya kuitia ndani na kufunga mlango, ili ipate nguvu kamili. Na ukishaibandua, usidhani kwamba kwa kuirudishia utaizuia isiishe. Haizuiliki. Kwa hiyo mtu asibandue betri nne kwa pamoja ili ziwe tayari, kama alivyofanya shangazi yangu kwa nia njema kabisa.

Zisikae mfukoni pamoja na sarafu au funguo, kwani chuma kikizigusa pande zote mbili hunyonya nguvu yake. Zisiwekwe kwenye jokofu, maana hutoka na umande. Na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini: betri hizi ni hatari kubwa kwa mtoto mdogo. Akimeza, apelekwe hospitali papo hapo, wala isisubiriwe hadi asubuhi. Betri iliyokwisha ni ya hatari vile vile. Isiachwe sakafuni au dirishani. Kwa shimesikio za watoto wadogo, agizeni zile ambazo mlango wake wa betri una kufuli ndogo.

Zipo pia shimesikio za kuchaji. Ni nzuri kwa mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka, lakini zinataka umeme kila siku. Anayeishi mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha apime jambo hilo kabla ya kununua. Wenzetu wa Botswana, katika kijiji cha Otse, walilitazama tatizo hili mapema wakatengeneza chaja ya betri za shimesikio inayotumia jua, na miongoni mwa mafundi walioitengeneza walikuwemo viziwi wenyewe. Nimelitaja kwa sababu mara nyingi tunapozungumzia vifaa hivi tunafikiri kwamba ujuzi wake wote lazima utoke ng'ambo.

Adui wa pili, na kwa sisi wa pwani huenda ndiye wa kwanza, ni unyevu. Hewa yetu ina maji na chumvi, nasi tunatoka jasho. Usiku shimesikio ivuliwe, ipanguswe kwa kitambaa kikavu na laini, mlango wa betri uachwe wazi ili hewa ipite na betri isitumike bure. Kisha iwekwe ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vijipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Betri itolewe kabla, kwa sababu ukavu ule huikausha nayo. Isianikwe juani, isiwekwe karibu na jiko, wala isizikwe ndani ya mchele kama wengine wanavyoshauriana. Vumbi la mchele huingia kwenye maikrofoni. Mafuta ya nywele na manukato yapakwe kwanza, yakauke, ndipo shimesikio ivaliwe.

Kuoga kunajulikana. Kinachosahaulika ni udhu. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku anaivua shimesikio mara tano, na kila mara anahitaji mahali pa kuiweka. Baba aliiweka kwenye mfuko wa kanzu. Ijumaa moja kanzu ikaenda kufuliwa. Shimesikio ya kushoto ilirowekwa kwa sabuni ya unga, ikasuguliwa, ikakamuliwa na kuanikwa kambani. Nilitoa betri, nikaiacha mlango wazi kwenye chombo cha kukaushia kwa siku mbili, haikuzinduka. Gharama ya kupata nyingine ilipita mshahara wangu wa mwezi. Tangu siku hiyo pale anapotawadhia pametundikwa kopo dogo lenye mfuniko, nalo ndilo makao ya shimesikio, mahali pamoja, siku zote. Chombo cha namna hiyo kiwepo pia kando ya kitanda. Vitu hivi hupotea zaidi kwa kuwekwa "hapa kidogo" kuliko kwa kuibwa. Nyumba yenye mbwa iongeze uangalifu, kwani mbwa huzipenda mno kuzitafuna.

Juu ya usafi nitasema kwa ufupi. Shimesikio za nyuma ya sikio huwa na kizibo kilichofinyangwa kwa umbo la sikio la mwenyewe, na mrija unaokiunganisha na kifaa. Kizibo hutenganishwa, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, hupulizwa hadi maji yote yatoke kwenye mrija, huachwa kikauke, ndipo hurudishwa. Kifaa chenyewe hakiguswi na maji. Mrija ukiwa mgumu na wa njano umekwisha kazi. Ubadilishwe, na kwa kawaida hilo hutokea baada ya miezi mitatu hadi sita. Zile za kuingia ndani ya sikio zina kichungi kidogo cha kuzuia nta, nacho hubadilishwa kikiziba. Na sikio lenyewe lisichokonolewe kwa njiti ya kibiriti, unyoya wa kuku wala mfuniko wa kalamu. Nta ikizidi, muuguzi aitoe. Sikio linalotoka usaha litibiwe kwanza. Lisizibwe na kizibo huku likioza ndani.

Watu wengi huitupa shimesikio kwa sababu inapiga mluzi. Mluzi ule ni sauti iliyovuja sikioni ikarudi kwenye maikrofoni. Huenda kizibo hakikukaa sawa, au sikio lina nta, au sauti imefunguliwa mno. Kwa mtoto, mara nyingi maana yake ni kwamba amekua na kizibo hakimtoshi tena. Wadogo kabisa huhitaji kizibo kipya kila baada ya miezi michache. Mwalimu akiuona mluzi kuwa utovu wa nidhamu, akamwamuru mtoto azime, amemhukumu mtoto kwa kosa la kukua.

Na kabla ya kusema kifaa kimekufa, mtu afanye mambo matatu: abadilishe betri, atazame kama mrija au kichungi kimeziba, kisha akifungue na kukifumbata kiganjani. Kikipiga mluzi mkononi ni kizima. Ikiwa unavaa mbili, kumbuka kwamba alama nyekundu ni ya kulia na ya buluu ni ya kushoto. Utashangaa ni mara ngapi kifaa kilichosemwa kuwa kibovu kimevaliwa upande usio wake.

Siku za mwanzo ni ngumu. Baba alipovaa mara ya kwanza alisema sauti yake mwenyewe inatoka ndani ya pipa, na kwamba vijiko jikoni vinamkata. Ubongo uliokaa kimya miaka mingi hushtuka. Akae nayo saa chache kwa siku katika chumba tulivu na mtu mmoja, aongeze polepole. Sokoni na harusini aende baada ya wiki kadhaa. Kama bado inamuumiza, arudi kwa mtaalamu ili aipange upya. Kurudi huko ni sehemu ya matibabu, wala si kusumbua.

Ndugu walimu, nina neno lenu mahususi. Kuwafundisha watoto viziwi si jambo geni kwetu. Shule ya Tabora ilianza mwaka 1963 na ya Buguruni mwaka 1974. Lakini watoto wengi wenye usikivu hafifu wamo katika madarasa ya kawaida, na mwalimu wao hakusomea elimu maalumu. Kwake lipo jaribio la dakika mbili, nalo lilibuniwa na mwalimu aitwaye Daniel Ling. Kila asubuhi, simama hatua moja au mbili kutoka kwa mtoto, asiweze kukuona midomo, utamke sauti sita, moja moja, bila mpango anaoweza kuukariri: a, i, u, m, s, sh. Mtoto arudie kila anayoisikia. Sauti hizo zinagusa upana wote wa usemi, tangu nene hadi nyembamba, na kwa bahati njema zote sita ni sauti za Kiswahili. Jana alizipata zote na leo amekosa s na sh? Tazama betri, tazama mrija, tazama sikio. Akikosa zote, usianze somo kabla hujajua sababu. Kisha mketishe mbele, mbali na dirisha la barabarani, na usifundishe ukiutazama ubao. Shimesikio hupungukiwa nguvu kadiri mwalimu anavyokuwa mbali.

Kwenu ndugu watumishi wa ofisini, wapo miongoni mwetu wanaotikisa kichwa kikaoni bila kusikia, wakasaini wasichokielewa. Wanajua kwamba anayevaa miwani huonekana msomi, na anayevaa shimesikio huonekana mzee. Nimeona mkuu wa kitengo aliyeficha hali yake mpaka wasaidizi wake wakamwona ana kiburi, kwa kuwa hakuitikia salamu.

Sasa nirudi kwenye kabati la chuma, maana hilo ndilo lililonileta. Tufanye hesabu. Tuseme betri ya namba 13 inadumu siku 10. Sikio moja litataka betri 37 kwa mwaka, na masikio mawili 73. Pakiti moja kwa kawaida huwa na betri 6, kwa hiyo mtoto mmoja anahitaji takriban pakiti 1 kila mwezi. Kitengo chenye watoto 20 kinahitaji betri 1,460 kwa mwaka. Hii ni tarakimu ya kuandikwa kwenye makisio ya matumizi, kama chaki inavyoandikwa, kabla turubai halijafungwa na ngoma haijapigwa. Atakayepokea vifaa aulize pia nani atatengeneza vizibo watoto wanapokua, na kifaa kikiharibika kitapelekwa wapi. Mfadhili asiye na jibu apewe muda wa kulitafuta. Na mkaguzi akifika, asiridhike kuona vifaa vyote vimo kabatini; aulize kwa nini havimo masikioni.

Yule Mwalimu Mkuu aliogopa kudaiwa kifaa kilichopotea, na hofu yake ilikuwa na msingi. Namwomba Ndugu Mwenyekiti, kikao hiki kabla hakijafungwa, kiamue kwa maandishi kwamba kifaa kilichopotea mtoto akikitumia hakitakatwa kwenye mshahara wa mwalimu.

Hapa mezani nimeleta ile shimesikio ya baba iliyofuliwa, pamoja na betri tatu, mrija mpya na kizibo. Haiwezi kuharibika zaidi ya ilivyo, kwa hiyo msiogope kuishika. Nawaomba mje mmoja mmoja mjaribu kufungua mlango wa betri na kutenganisha kizibo, na walimu wa darasa la kwanza na la pili watangulie.